Shanta Dogo la Shemeji

Oktoba 14

Garth amekuja tena leo. Hakualikwa. Amekula keki niliyompikia mume wangu, kisha akalicheka shanta langu.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Garth ni kaka wa mume wangu, Corliss. Kila mwaka msimu wa bunduki ukifunguliwa, ndugu hawa wawili hupanda mlimani, wakalala huko, wakarudi na elki, yule paa mkubwa kama farasi, na nyama ya huyo elki ndiyo tunayokula mpaka theluji iyeyuke. Mwaka huu nyonga na magoti ya Corliss yamegoma. Daktari amemkataza kubeba kitu kinachomzidi paka wetu uzito. Friza liko gereji, tupu, linanguruma bure. Corliss hana kazi mpaka apone, na nyama ya dukani kwetu sasa ni anasa. Kwa hiyo napanda mimi. Nimewinda na baba yangu tangu nikiwa msichana, ila baba alikuwa na nyumbu wa kubeba. Sisi nyumbu hatuna.

Shanta nililonunua ni la lita themanini. Lina fremu ngumu mgongoni, na begi linaachana na fremu ili paja la nyama liingie katikati likae karibu na mwili. Garth aliliinua kwa vidole viwili kama aliyeokota panya aliyekufa.

"Shem, unahamia wapi? Umemchoka kaka mtu?"

"Elki haingii mfukoni, Garth."

"Mimi lita thelathini zinanitosha tangu ujana wangu. Mwindaji mwepesi ndiye anayemfikia mnyama. Hilo lako ni la kubebea jeneza."

Corliss akacheka. Mume wangu mwenyewe! Nikaondoa keki mezani, wote wawili wakabaki wameshika uma.

Oktoba 16

Nimejaza shanta mifuko ya chumvi ya ng'ombe, nikatembea barabara ya mfereji kupima mgongo. Jirani akasimamisha pikapu akauliza kama nimefukuzwa kwangu. Nikamwambia akanyage mafuta aende zake.

Oktoba 23

Nimefungasha. Corliss amekaa kitini ananitazama, fimbo kati ya magoti.

"Usilijaze," akasema.

"Sasa nimelinunua la nini?"

Akafungua mdomo, akafunga. Huyo ndiye Corliss. Anaanza sentensi, anaiacha njiani uimalizie mwenyewe. Nimemaliza kufungasha bila ushauri wake.

Oktoba 27

Tumerudi mikono mitupu. Kila mfupa wangu una malalamiko yake, na nina hasira, hasa kwa sababu yule mjinga alisema kweli kwenye jambo moja.

Nianze na hilo, linipite. Nilijaza. Begi kubwa lina ushawishi: ukiona kona tupu, mkono unakwenda wenyewe. Niliweka kiti cha kukunja, sufuria mbili, jaketi mbili, mto wa kulalia, mahindi ya kopo, na taa ambayo hatukuiwasha hata mara moja. Mteremko wa kwanza tu, moyo unanipiga masikioni. Garth yuko mbele na kile kibegi chake kinachochezacheza mgongoni, anapiga mluzi. Tulipofika ukingoni kundi la elki lilikuwa ng'ambo, linavuka kwenda msituni bila haraka. Mimi nilikuwa nimeinama naitafuta pumzi. Nilipoinuka na bunduki walikuwa wameshaingia kwenye misonobari.

"Ungekuwa mwepesi, shem, sasa hivi tungekuwa tunachuna."

Kweli. Ilinikata maini, lakini kweli.

Sasa nieleze na mengine. Tulipoacha magari tu, alinijia na darubini kubwa na miguu yake mitatu. "Nishikie hii, lako lina nafasi." Nikashika, nikidhani ni kwa muda. Kwenye kijito akanipa mkate wake na soseji. "Lako lina nafasi." Mchana jua likatoka, akavua jaketi. Ana haja gani ya kuuliza? Akalibana mwenyewe chini ya mikanda yangu nikiwa nimevaa shanta, kama mtu anayeanika nguo. Tulipopiga kambi, nikagundua bwana mkubwa hana begi la kulalia, hana jiko, hana hata kikombe. Alilalia turubai langu, akajifunika jaketi langu la pili, akala mahindi yangu kwa kijiko changu. Halafu asubuhi akaniambia siri ya uwindaji ni kutobeba vitu vingi.

Oktoba 28

Nimemwaga kila kitu sakafuni nikavigawa. Kilichorudi ndani: begi la kulalia, turubai, jiko, sufuria moja, chakula, soksi kavu, kisu, mifuko ya kitambaa ya kutundikia nyama. Basi. Shanta limenywea kama tumbo la ng'ombe aliyezaa, na ndivyo linavyotakiwa. Nimeelewa sasa kwamba ukubwa haupimwi kwa safari ya kwenda. Unapimwa kwa ya kurudi. Ukipanda lazima ubebe utupu, na uulinde huo utupu, kwa sababu hapo ndipo nyama itakapokaa. Mtu wa lita thelathini anayelala mlimani kutafuta elki ama hana mpango wa kuua, ama ana mpango na mgongo wa mtu mwingine.

Niliandika hilo la mwisho kwa hasira tu. Halafu nikaketi nikalisoma tena.

Oktoba 31

Joto. Nzi bado wako hai. Leo ni usiku wa mizuka; watoto wa majirani wamekuja kuomba peremende wakiwa wamevaa kama mizuka, kama desturi, nikawapa zile alizoacha Garth.

Novemba 3

Safari ya pili, bila mnyama, ila nimepata kitu kingine.

Tulipoacha magari, Garth akaliona shanta langu lilivyonywea. Macho yakamng'aa.

"Haaa! Sasa lina nafasi kweli kweli."

"Halina."

"Shem, nina macho."

"Na mimi nina mgongo. Darubini yako, beba."

Akatabasamu tabasamu lake lile la kumtuliza farasi. "Corliss hajawahi kuninyima."

Alibeba darubini mpaka kwenye kijito, akilalamika bega njia nzima. Pale nilipoinama kunywa maji akaifunga kwenye fremu yangu. Nilijua kwa uzito tu. Nikaifungua, nikaiweka juu ya jiwe, nikaendelea kutembea. Akarudi kuichukua akitukana, akinong'ona kama mtu aliye kanisani. Jioni akataka chakula. Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Labda kwa kuwa mlimani mtu hanyimwi chakula, hata kupe.

Nimefika nyumbani nikamwambia Corliss wakati wa kula. Nikamwigiza kaka yake, na ile sauti yake ya kubembeleza. Nikasema, "Basi kila hatua, shem, lako lina..."

"Nafasi," akamalizia Corliss.

Hakucheka. Alikuwa anakata nyama ya kopo vipande vidogo vidogo kama anayemlisha mtoto.

"Alikuwa anakwambia hivyo hivyo?"

"Tangu tuko vijana."

"Na nyama? Mkishaua, nani alikuwa anabeba nyama?"

"Lake huwa dogo," akasema. "Nyama ingekaa wapi?"

Miaka yote hii! Nilikuwa namwona anarudi amepinda kama ndoano, siku nzima halali chali, mimi namkanda mafuta na kumwambia mtu mzima usijitutumue. Na Garth anashuka nyuma yake, wima, pembe begani, anaomba bia. Nilidhani mmoja ana nguvu na mwenzake hana. Kumbe lile shanta dogo si wepesi. Ni ujanja. Mtu anachagua begi ambalo paja haliingii, halafu akisimama mbele ya paja anakunja mikono na kusikitika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni kaka yangu, Twyla."

Nimeviacha vyombo bila kuosha. Nimewaka kwa Garth, ndiyo, lakini na kwa huyu hapa. Nyonga zake na mgongo wangu vinalipia adabu yake kwa kaka yake. Nani atalima bustani? Nani atapasua kuni? Mimi.

Novemba 9

Theluji imeanguka usiku kucha. Garth amepiga simu, eti ana mafua, hapandi. Friza linanguruma.

Novemba 16

Nimepanda peke yangu. Nyayo nyingi, wanyama hakuna. Nimerudi na shanta tupu, na kutembea na utupu ule kunachosha vibaya kuliko kubeba. Msimu unafungwa mwisho wa mwezi. Corliss ameuliza, "Vipi?" Nimemwambia aende akafungue friza aone.

Novemba 22

Tumeua. Nasema tumeua kwa sababu ya mazoea ya lugha.

Garth alipona mafua, alikuja asubuhi na pikapu lake na kibegi chake. Nilikwenda na gari langu, siku hizi sikai naye ndani ya chuma kimoja. Juu theluji inafika magotini, chini korongoni ni kidogo. Tulipofika ukingoni tukamwona dume, peke yake, chini kabisa kwenye kijito, anakwangua theluji akitafuta majani. Pembe kubwa, kweli. Garth akaanza kupumua kwa mdomo.

"Usimpige huko chini," nikamwambia. "Tumngoje. Jua likipanda atapanda na yeye, anatafuta joto. Akifia huko tutamtoaje?"

"Una lita themanini, shem."

Akapiga. Alimpiga vizuri, hilo simnyimi. Dume alipiga hatua, akakaa, akalala.

Tulishuka. Nilichuna na kukata mimi zaidi, maana kisu chake kilikuwa butu na alikuwa ameshaanza kazi nyingine: kukata fuvu na pembe zake kwa msumeno mdogo. Sasa, kwetu bonde hili kila mtu analijua jambo hili hata kama hajawahi kushika bunduki: pembe hutoka mwisho. Kwanza nyama, yote, mpaka shingo, ndipo pembe. Anayeacha nyama mlimani hasalimiwi, na sheria nayo inamngoja. Anayetanguliza pembe anawaambia watu alikwenda kutafuta nini. Baba yangu alimwacha rafiki yake wa utotoni kwa kosa hilo.

Nilitundika mifuko ya nyama kwenye msonobari, kivulini. Nikatoa mifupa kwenye paja moja, nikalipanga kati ya begi na fremu, nikaongeza na minofu ya mgongoni. Nikageuka. Garth ameshafunga fuvu juu ya kibegi chake, pembe zimechanua kila upande, amejaa furaha kama bwana harusi.

"Garth. Chukua mkono mmoja wa mbele. Ufunge kwa kamba."

"Ukae wapi? Langu limejaa."

"Shusha pembe."

"Mbwa mwitu wakizichukua?"

"Mbwa mwitu anakula pembe tangu lini?"

"Twyla," akasema, na kuniita jina lilimaanisha amekasirika, "kila mtu amechagua begi lake mwenyewe. Sikukutuma ununue kubwa."

Akaanza kupanda.

Njia ya kutoka korongoni inapita kwenye mporomoko wa mawe, mawe ya ukubwa wa mikate, yote yamelegea, na leo juu yake kuna theluji. Unaweka mguu, jiwe linaondoka, mzigo unakuvuta nyuma, unashika jiwe jingine, nalo linaondoka. Nilipanda pale kwa magoti. Kuna mahali nilisimama nikashindwa kwenda mbele wala kurudi, mikanda imenikaba, nikamwita. "Garth! Nipe mkono!" Nilimwona juu, pembe zake dhidi ya anga. Aligeuka. Alinisikia, naapa alinisikia. Akanipungia mkono, akavuka ukingo akapotea.

Nilipofika barabarani pikapu halipo. Simu ikaleta ujumbe wake: bega linamsumbua, amewahi, kesho tutamalizia.

Novemba 23

Kesho ndiyo leo, na Garth hakuja.

Asubuhi nilimkuta Corliss jikoni amevaa buti. Amezifunga kamba. Shanta lake la zamani liko mlangoni.

"Vua," nikamwambia.

"Kuna nyama mlimani."

"Naijua iliko. Vua viatu."

Akakaa kuvivua na hakuweza kuinama kuzifikia kamba. Nikapiga magoti nikamvua mimi. Hatukutazamana.

Nimepanda mara mbili. Kunguru walikuwa wamedonoa mfuko mmoja, si sana. Baridi imeitunza nyama, afadhali. Wakati wa kurudi nilipita kwa Nadine wa kituo cha mafuta kununua kahawa, nimelowa damu na jasho, nanuka.

"Hongereni!" akasema Nadine. "Jana Garth alikuwa hapa na dume lake mpaka jioni. Ameweka pembe juu ya boneti, watu wanapiga picha. Anasema lilimtoa jasho."

Nikamuuliza kama aliona nyama yoyote kwenye pikapu.

Nadine amezaliwa hapa. Aliweka birika chini. "Pembe tupu?"

"Pembe tupu."

"Jana?"

"Jana."

Kahawa hakunitoza. Nilipokuwa natoka nilimsikia akimwambia mtu wa nyuma yangu.

Novemba 25

Jana safari moja, leo moja, ya mwisho: mkono wa pili na nyama ya shingo. Yote imetoka. Sihisi vidole vya miguu, na kucha moja imekuwa nyeusi. Friza limejaa mpaka kifuniko nimekikalia ndipo kikafunga. Halingurumi tena kwa sauti ile, limetulia.

Novemba 27

Siku ya Shukrani, ambayo ndugu hula meza moja. Corliss alitaka kumwalika kaka yake kwa bata mzinga. Nikamwambia amwalike, mimi nitakula kwa Nadine. Hakumwalika.

Novemba 30

Msimu umefungwa leo jua lilipozama. Garth alikuja kabla ya hapo, mchana kweupe, na makasha mawili makubwa ya barafu nyuma ya pikapu. Makasha yake hayana udogo wowote.

"Shem! Bado una kinyongo? Nimekuja kuchukua nusu yangu, nikupunguzie kujaa."

Nilikuwa napasua kuni. Sikuweka shoka chini, ila sikulinyanyua pia, niwe mkweli.

"Nusu ya nini?"

"Twyla, acha utoto. Kibali kilichotumika ni changu, risasi ni yangu, dume ni langu. Nakuachia nusu kwa wema."

"Wewe ulishachukua chako. Kila mtu alichokibeba ndicho alichotoka nacho mlimani. Kapike pembe."

Uso ukamwiva. Akapaza sauti kuelekea nyumbani. "Corliss! Toka umwambie mkeo!"

Corliss akatoka kibarazani na fimbo yake, polepole, ngazi moja baada ya nyingine. Nilijua atakachosema na akakisema.

"Mpe, Twyla. Ni kaka yangu."

"Sitoi."

"Nakuomba."

"Mume wangu, ukiitaka hiyo nusu, funguo ya gereji iko mfukoni kwangu. Njoo uichukue."

Hakuja. Garth alitutukana wote wawili, na baba yangu aliyelala kaburini, akasema mjini wanamwangalia kama mwizi na mimi ndiye niliyewajaza maneno, akasema hatuna undugu tena. Nikamwambia huo ndio mzigo wa kwanza alioubeba mwenyewe. Akaondoka na makasha yake yakigongana.

Corliss aliingia ndani, akakaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Nilikaanga minofu ya mgongoni kwa siagi na vitunguu, na viazi, nikamwekea mezani. Nilijua huenda asile. Niliapa moyoni kwamba asipokula nitailisha paka mbele ya macho yake.

Akaja. Akala. Akaongeza. Sahani ya pili ikiwa nusu, akaniuliza bila kuinua macho, "Ule mkono wa mwisho ulipita nao wapi?"

"Kwenye mawe. Kwani kuna njia nyingine?"

"Na mzigo wote?"

"Na mzigo wote."

Akaweka uma chini, akautazama mkono wangu uliochubuka juu ya meza.

"Pale," akasema, "mimi kila mwaka nilikuwa nalia."